Kumbukumbu za Kikao cha Mwisho wa Muhula

Kikao kilifunguliwa saa moja na robo usiku.
Kaylene Obermeyer, mwenyekiti, aligonga meza kwa kijiko cha supu,
maana nyundo yetu ya mti imepotea tangu sherehe ya Oktoba.
Kila mmoja anamjua aliyeichukua
na hakuna anayemtaja.
Nawashukuru.

Waliohudhuria: thelathini na wanane,
pamoja na mmoja aliye zamu ya vyombo jikoni, mlango ukiwa wazi.
Waliotoa udhuru: wawili,
mmoja kwa mafua, mwingine kwa mapenzi.
Akidi ilitimia.

Mimi ni katibu. Naandika lililosemwa.
Nje, Minnesota imelala chini ya theluji ya siku tano,
theluji iliyochakaa, rangi ya maji ya kuoshea sufuria,
na herufi zetu tatu za Kigiriki juu ya mlango
zimebaki mbili na nusu.
Fundi amesema atakuja Jumatatu.
Jumatatu ipi, hakusema.

Ajenda ya kwanza, mafanikio.
Pa Nhia Xiong ameongoza darasa zima la kemia,
yeye aliyelia Septemba kwenye ngazi, kitabu kikiwa usoni kama kofia.
Tulipiga makofi mpaka mbwa wa jirani akabweka.
Roxanne Tveit amevunja rekodi ya chuo, kuogelea mita mia mbili,
kwa tofauti, alisema, ya kupepesa jicho.
Miaka mitatu ameamka saa kumi alfajiri
kwa ajili ya kupepesa huko.

Ajenda ya pili, dansi ya baridi.
Mpiga muziki tuliyemlipa hakutokea.
Akaja mjomba wake Marguerite na kodiani yake,
akatuchezesha polka hadi kisigino cha Kaylene kikang'oka,
na wavulana wa nyumba ya pili, walioingia wakitucheka,
walitoka mashati yamelowa, wakiuliza lini tena.
Kwa wodi ya watoto walioungua zilipatikana
dola elfu nne, mia tatu, na senti kumi na moja.
Senti kumi na moja zilitoka wapi, mweka hazina hajui.

Ajenda ya tatu, ada.

Hapa kalamu yangu ilipata uzito.
Kanuni ya tisa: asiyelipa mihula miwili
jina lake lisomwe mbele ya wote, kisha lifutwe.
Kaylene aliisoma kama mtu anayemeza kidonge bila maji.
Jikoni bomba lilikuwa linatiririka.
Halafu likanyamaza.

Sote tulilijua jina. Delphine Arceneaux,
mtoto wa Luiziana, aliyeiona theluji mara ya kwanza
kwenye ngazi zetu hizi, akaionja,
akasema haina chumvi.

Miaka mitatu nimeandika neno "udada"
juu ya kila ukurasa wa daftari hili,
na usiku ule tu ndipo nilipoona
kwamba limeimeza "ada" nzima,
imekaa humo tumboni, inasubiri.

Mweka hazina, Wilhelmina Stroud, alisimama na orodha.
Akaitazama. Akaisogeza mbali. Akaileta karibu.
Akasema: "Samahanini, miwani yangu nimeiacha chumbani.
Siwezi kulisoma jina hili."
Miwani ilikuwa juu ya paji lake, inang'aa kwa taa.
Macho thelathini na saba yaliiona.
(Najua hesabu ya macho. Ginevra amevaa kitambaa jicho moja,
na wengine walikuwa wanatazama dari kwa makusudi.)

Hoja iliahirishwa hadi muhula ujao
kwa sababu ya miwani.
Hivyo ndivyo nilivyoandika, na hivyo ndivyo ilivyopitishwa.

Bomba likafunguliwa tena.
Sahani zikaanza kugongana, moja moja,
kwa kelele kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mengineyo: nyundo.
Hakuna aliyechangia.
Nitairudisha Mei, nikihitimu, chini ya mto wa mtu.

Kikao kilifungwa saa mbili na dakika nne
kwa kijiko.