Chini ya Ngazi

Saa mbili usiku wakafunga barabara ya mlimani
kati ya Oslo na Bergen. Malori yakaturudia moja moja
mpaka uwanja wa Ragnfrid ukajaa pomoni.
Mnara wa simu ulikuwa umelala tangu alasiri.

Madereva wakakung'uta buti, wakaomba supu.
Na simu zao, kabla mtu hajameza tonge,
zilikwisha kupiga hodi.

Hodi bila jina, hodi ya sifuri tupu,
iliyorushwa ukumbini kwa yeyote asikiaye:
Kuna mwenye nyumba? Nipeni namba ya kuitwa.
Kwa kawaida kisanduku chini ya ngazi hujibu:
Karibu. Ipo hii, utaitaka?
Naitaka.
Basi yako, siku nane; ikifika nusu, niambie kama bado upo.
Yote hayo kufumba na kufumbua,
wala hakuna anayeshukuru.

Usiku ule kisanduku kilinyamaza.

Vytenis, wa lori la samaki, akanionyesha simu yake.
Imechoka kungoja, imejipa namba yenyewe,
mia moja sitini na tisa mwanzoni,
mtoto aliyejibatiza;
haimfikishi hata kizingitini.
"Mke wangu yuko wodi ya wazazi, Kaunas," akasema,
kisha akawa anachezea kijiko.

Nikapiga magoti kati ya mafagio,
nikafungua daftari la kisanduku.
Namba mia na hamsini. Zote zina wenyewe:
simu za watu wa harusi ya Jumamosi,
saa ya mkononi ya bwana harusi,
tableti ya mtoto aliyetapika keki kwenye zulia.
Wameshuka bondeni tangu Jumapili
na bado wamepanga hapa,
vyumba vitupu, funguo mfukoni mwao.

Sikumlaumu mtu. Aliyeandika siku nane ni mimi,
kiangazi, wageni wanne, uvivu mwingi.

Nikafuta harusi nzima.
Nikaandika: dakika sitini.
Juu yangu vijiko vikatulia,
kisha mtu akacheka kwa Kilithuania.

Sijui kama ni mvulana au msichana.
Alfajiri barabara ikafunguliwa, akaondoka mbio,
kahawa hakuimaliza.
Muda wake ulipokwisha namba ikarudi kapuni,
nikampa, hapana, si mimi, kisanduku kikampa
mwanamke wa gari la kuzoa theluji,
asiyejua nani alilala humo kabla yake.