Kupanga Mkoba, Ijumaa Usiku

Kesho nina mazishi mara mbili,
asubuhi Chavakali, mchana Luanda,
na umeme wa hapa Mbale una tabia zake.
Kwa hiyo betri kwanza. Nne.
Mbili nzima, ya tatu ina kisukari,
ya nne naibeba kwa sababu iliwahi kunifaa.

Kamera naizungushia shuka ya mtoto.
Lenzi fupi ni ya umati: kwaya, wakwe, chama cha akina mama,
wote wanaotaka ijulikane kwamba walikuja.
Lenzi ndefu ni ya wale wanaolia mbali,
nyuma ya jiko, mgongo umegeukia mahindi.
Hiyo naitoa kwa adabu, na si kila mara.

Mchele kikombe kimoja, ndani ya soksi,
maana mvua ya huku haibishi hodi
na unyevu ukiingia kwenye kioo
huota ukungu kama mkate.

Ambundo, kijana wangu wa kushika taa, ananicheka:
"Dada Kageha, wengine hubeba kamera,
wewe umehama nyumba."
Hesabu basi, namwambia.
Pini kumi na mbili. Kitana. Kopo la mafuta,
kwa sababu magoti ya watoto husema yote mbele ya taa.
Daftari la madeni: mzee Chagwi wa Majengo,
picha sita, tangu Pasaka ya mwaka juzi.
Mfuko wa nailoni, na mwingine wa kuufunika wa kwanza.
Njugu, maana mpiga picha hukumbukwa
sufuria zikishaanza kuoshwa.

Chini kabisa, limekunjwa, koti la buluu.

Nililinunua kwenye mitumba, shilingi mia mbili,
kwa ajili ya mwalimu aliyekuja na kola iliyochoka.
Alilivaa, akakaa wima, akatoka mtu wa benki.
Mwaka uliofuata picha ile ilisimama juu ya jeneza lake.
Kisha fundi wa baiskeli.
Kisha diwani aliyeshindwa kura.
Kisha wazee wakaanza kuja wenyewe, jioni, peke yao:
"Nipige moja. Ya ile siku."
Siku yenyewe hawaitaji.
Nami nawafunga vifungo.
Ukipita vilima hivi ukikusanya ratiba za mazishi
utadhani ni koti moja lililokufa mara kumi na tisa.
Mimi hulipeleka kwa dobi.

Mama alilikataa.
"Sifi na nguo ya watu."
Nikainua kamera hata hivyo, ujeuri wa kitindamimba,
naye yuko kizingitini anachambua mrenda;
akanyosha mkono, akaziba dunia.
Picha ikatoka kiganja kitupu:
mistari, kovu la jembe, jani moja limegandia kidoleni.
Uso wake, huko nyuma, moshi.

Kwenye ratiba yake tuliweka picha ya kitambulisho,
amekodoa macho kama mshtakiwa.
Kiganja si uso, walisema kaka zangu.
Sikubishana. Siku ile nami nilikuwa kazini,
nani mwingine angepiga?

Kimekaa mfuko wa ndani, kile kiganja,
kando ya kadi za akiba.
Wenzangu wa Kisumu wana mashine ya kupimia mwanga.
Mimi hunyosha mkono juani,
nikapima hapo, nikaongeza hatua moja.
Mara ya kwanza Ambundo alidhani nawapungia wafu.

Zipu inagoma.
Natoa njugu.
Inafunga.
Naifungua tena, narudisha njugu,
natoa betri ya nne, naishika kidogo,
naitia mfukoni mwa sketi.