Tarakimu Saba

Daftari la mwaka jana lilimwandika mara tatu:
Ngamiani Famasi,
Famasi ya Ngamiani,
na kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka,
Kwa Bi Mwanakombo.
Mlango mmoja, kufuli moja, maduka matatu.
Dozi mia za malaria alizouza
zilifika mkoani mia tatu,
Tanga ikasemwa inaungua homa.

Mimi ndiye karani niliyejumlisha.
Sikudanganya. Nilijumlisha.

Leo nimempelekea namba yake.
Akavaa miwani, akaisogeza karatasi dirishani,
akasoma kama anayehakiki mizani ya muuza mchele:
"Nne, sifuri, sifuri, moja, tisa, mbili, sita.
Ndiyo mimi huyu?"

Ndiyo duka, Bi. Jina libaki ubaoni, la wagonjwa.
Namba ni yetu sisi tusioujua uso wako.

Akacheka.
"Mjini hapa nani anaona haya kwa namba?
Nimezaliwa Barabara ya Saba,
nimeolewa ya Kumi na Mbili,
talaka nimeipokea ya Tisa, nimesimama juani."

Akaiandika kwa kalamu nene
kwenye jokofu la insulini,
ile sita akaikokoteza mara mbili.
Kisha, bila kunitazama:
"Nikifa, anapewa nani?"

Hapewi mtu. Inafungwa. Haiazimwi.

Akapangusa kaunta
pale pale alipokwisha pangusa.

"Basi hii yanifaa," akasema.
"Jina langu
wajukuu wanne wameshaligawana."