Sikio la Dalali

Baba hakuwa na ghala, wala mzani, wala ng'ombe.
Alikuwa na daftari, simu ya kioo kilichopasuka,
na koti ambalo mama alilichukia
kwa manyoya ya pamba yaliyong'ang'ania mifukoni.

Mashudu yalishuka na behewa kutoka Kabalo,
siku tisa, mara nyingine mwezi,
wanunuzi wakingoja stesheni, Lubumbashi,
kila mmoja na bei yake chini ya ulimi.
Baba hakutaja bei kwanza.
Alichomoa kipande guniani, akakipeleka sikioni,
akakivunja.
"Ka! Kavu. Andika, Numbi."
Niliandika.

Mwaka ule wa mvua kipande kilivunjika kimya,
kama mkate.
Mwenye mzigo alimvuta kando, akamwonyesha ncha ya bahasha.
Tani arobaini. Ada yangu ya shule ilikuwa humo, nadhani,
na mabati ya jikoni.
Baba alijipangusa vumbi la njano kwenye suruali,
akamwambia Mwansa wa Kipushi: hii itakuulia ng'ombe.
Tulirudi Katuba kwa miguu.
Mama hakumsalimia mpaka Jumanne.

Sasa daftari ni langu.
Wanunuzi hawaji tena stesheni, wanapiga simu tu,
wanaapa kwamba madalali wote ni wezi,
kisha wanauliza: ni kavu?
Sijibu.
Nasogeza simu karibu na gunia,
navunja.