Mikono Nyuma

Cheti changu cha usajili kiko ukutani,
kwenye fremu iliyoliwa na chumvi ya hewa ya Malindi.
Walioniapisha walisema: mikono hii sasa ina leseni.
Hawakusema nusu ya kazi ni kuifunga nyuma.

Saa moja na robo. Napokea zamu kwa Dama,
macho mekundu, kalamu imekauka wino.
Kitanda cha kwanza, kageuzwa saa kumi.
Cha pili, kajisaidia. Cha tatu, kagoma kulala.
Cha nne, Thoya, mgema wa Ganda:
kidonda cha mgongoni ni sarafu ya ishirini,
wiki jana kilikuwa ya arobaini.
Tunashukuru kwa hesabu kama hizo.

Leo ni shati.
Vifungo saba, na vidole vilivyolala tangu Machi,
tangu mnazi alioukwea miaka ishirini na saba
ulipomkana asubuhi moja, bila ugomvi.
Kibuyu chake kingali kileleni.
Huniuliza: kimejaa mvua? Kimeingia nyuki?
Kana kwamba mimi napita huko juu nikija kazini.

Kifungo cha kwanza kinateleza.
Cha kwanza tena.
Cha kwanza.
Mlangoni Mbodze, mkewe, na chupa ya uji:
"Sista, wewe huna mzazi? Mvalishe mtu nguo!"

Ninaye. Ndiye aliyenilea hivi:
mkubwa akianza kuinama, wewe uwe umeshaokota.
Na mimi hapa, mtu mzima mwenye mshahara,
nahesabu vigae vya sakafu, vingi vimepasuka,
kucha zimenizama viganjani.
"Nikimvalisha leo, mama,
wewe utamvalisha mpaka lini?"
Hakunijibu. Aliweka chupa chini,
akavuta kiti, akaikalia mikono yake.

Ng'ambo ya pazia yuko Bi Saada wa Shella.
Kiharusi kilimfagilia nyumba nzima ya maneno,
kikamsahaulia moja: sukari.
Ipo sukari ya kiu. Sukari ya choo,
hiyo ina haraka, huikimbilia.
Sukari ya mto uliokaa vibaya.
Na ipo ile ya saa tisa alasiri, ndefu, ya chini,
ya mwana aliye Doha ambaye simu yake haipatikani.
Kwenye faili hakuna safu ya kuiandika.
Naandika: mgonjwa ametulia.

Dakika kumi na moja.
Kifungo cha tatu kimeingia tundu la nne,
cha nne hakina pa kwenda,
shati limekaa upogo kama duka lililofungwa kwa haraka.
Thoya anapumua kama aliyefika kileleni.
Nafungua kinywa. Ananiwahi:
"Usinisifu, Sista. Mgema mimi, najijua,
nitatia maji."
Mbodze kacheka mpaka kaushika ukuta,
na nyuma ya pazia, wazi kabisa,
sukari ambayo sikuwahi kuisikia.

Akashinda na shati lake upogo.
Daktari alipopita akanyosha kidole kulirekebisha;
nikamtazama tu, akakirudisha mfukoni.

Saa mbili usiku, Maweni. Kiuno kinawaka moto,
nimeinua watu wazima tisa bila winchi,
winchi iliharibika kabla sijaajiriwa.
Binti yangu, miaka minne, mezani na wali,
kijiko kimegeuzwa, punje zinamwagika kifuani.
"Mwenyewe," anasema. "Mwenyewe, mama."
Ningepaswa kuhesabu vigae.
Lakini vyombo vinangoja, maji yatakatika saa tatu,
na subira yote nimeiacha kitanda cha nne.
Nachukua kijiko.
Namlisha, upesi upesi,
naye ananitazama
kama Mbodze alivyonitazama mlangoni.