Mvua ya Saa Tisa

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya mbolea.
Kingali kinanuka, na kila mtoto aingiaye
hupiga chafya kwanza, kisha ndipo hutaja jina.
Nimezoea. Kwetu chafya ndiyo hodi.

Bwana Lubanga aliniandikia mlangoni kwa chaki, USHAURI,
herufi za mwalimu mkuu, zimenyooka kama gwaride.
Mvua ya Khayega ikairamba U.
Imebaki SHAURI,
na watoto wakipita huchekeana: "Shauri yako!"
Sijaomba chaki nyingine.

Shule saba, pikipiki moja ya kukodi,
mafaili ndani ya mfuko wa turubai.
Huniletea watoto na vijikaratasi,
kama redio zinazopelekwa kwa fundi:
Mtukutu huyu. Huyu mzembe.
Huyu ana mapepo, tusaidie kabla ya mtihani.
Sina bisibisi. Nina vipande vya mbao vya kupanga,
picha za kusimulia, penseli, na saa ya mkono
ambayo huivua nikaificha,
mtoto asione dakika zake zikihesabiwa.

Liyayi alichapwa miaka miwili kwa ukaidi.
Nilidondosha funguo nyuma yake, upande wa kushoto.
Hakugeuka.
Nikazidondosha kulia, akaruka.
Tiba nzima ilikuwa kuhamisha dawati,
sikio lake zima limwelekee mwalimu.
Siku hiyo nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.
Siku za namna hiyo hazifiki tano kwa mwaka.

Muhonja hakuja na kijikaratasi.
Alikuja mwenyewe, Jumatatu nne mfululizo,
akapanga vizibo vya soda kwa rangi,
mdomo umefungwa kama bahasha.
Siku ya kwanza, jua likiwaka, nilimwambia sharti langu,
ninalowaambia wote, kwa sauti ileile:
Utakalosema ni letu wawili.
Ila kama kuna anayekuumiza, hapo siwezi kunyamaza.
Aliitikia kwa kichwa. Akalihifadhi.

Jumatatu ya tano mvua ilikuja saa tisa, kama ijavyo huku,
bila kubisha, mawe juu ya mabati;
mtu hasikii hata wazo lake.
Ndipo midomo yake ikaanza kwenda.
Alisema na kusema, macho kwenye vizibo,
na mimi sikupata neno.
Ningesema "rudia", ningemvunja.
Ningeitikia kwa kichwa, ningekuwa mwongo.
Nikakaa tu, mikono mezani, nikielewa polepole
kwamba amelisoma sharti langu
kuliko mimi niliyelitunga:
alitaka kusema bila kusikiwa.

Kisha mvua ikakatika, ghafla, katikati ya sentensi,
na maneno manne yakabaki chumbani, yakidondoka maji.

Tulitazamana.
"Umesikia?"
Nje mtu alikuwa akifagia maji varandani, fyaa, fyaa.
"Nimesikia."

Maneno hayo hayamo katika shairi hili.
Yamo kwenye karatasi moja, ofisi ya watoto, Kakamega,
tuliyoiandika pamoja, yeye akinisahihisha tarehe.
Bwana Lubanga aliuliza mara tatu, kwa wema, nadhani.
Nilimwambia anachopaswa kujua, nikafunga kabati.
Siku hizi Muhonja analala kwa shangazi yake, Shinyalu.

Jumatatu iliyofuata alikuja. Chafya. Kiti.
Akavitenga vizibo vyekundu peke yao,
hakunisemesha.
Sijui kama amenisamehe.
Jua lilikuwa kali.
Ilipokaribia saa tisa tuliinua vichwa, sote wawili,
tukayatazama mabati.