Mali Yenye Daftari

Duka la Nélida Bruzzone, mjini Rosario,
linauza misumari, bawaba, komeo, gundi,
na skrubu moja moja,
kama muuza dawa anayemkatia tembe mbili
mgonjwa asiyemudu dozi.
Bei huziandika kwa penseli.
Kalamu ya wino aliiweka kando tangu Machi:
wino una kiburi,
hudhani kesho itafanana na leo.

Ni Julai, na huko Julai ni kipupwe.
Kabla ya kupandisha mlango wa chuma
huchemsha maji, hunywa mate
(ni majani ya kwao, si haya ya kumeza kwa uchu,
ingawa mwaka huu anayameza yote mawili),
kisha humpigia simu Tarcisio wa ghalani.

"Mabomba ya nusu inchi, bei gani?"
"Hakuna bei."
"Mabomba yamekwisha?"
"Mabomba yapo, Nélida. Nayatazama hapa.
Bei ndiyo haipo.
Piga tena saa nane."

Saa nane simu inaita, inaita.

Jana alimuuzia fundi Evaristo kitasa
kwa elfu kumi na moja.
Alichekelea, akazihesabu noti mara mbili.
Jioni akauliza kitasa kama kile cha kurudisha rafuni:
elfu kumi na tatu.
Ameuza, amepata faida, amefukarika,
yote kabla ya chakula cha usiku.

Wahenga walisema
mali bila daftari hupotea bila habari.
Yake ina daftari.
Lina jalada la kijani, lina mistari ya baba yake
tangu enzi za sarafu zilizokwishafutwa,
lina senti, lina tarehe, lina sahihi.
Inapotea na habari zake zote.

Benki, kijana mwenye kucha safi
alimtajia riba, asilimia mia na kumi.
"Kwa mwaka?"
"Kwa mwaka, bibi. Lakini hiyo ni ya leo."
Akamsukumia fomu ya kurasa tisa.
Ukurasa wa saba ulimtaka aeleze, kwa ufupi,
anavyoiona biashara yake miaka mitano ijayo.
Aliandika: *iko wazi.*
Akafuta. Akairudisha fomu na penseli ya watu.

Bili ya umeme imeipita kodi ya pango.
Bwana wa leseni amekuja mara mbili,
mara ya pili akaomba na kipimio cha rangi, bure.
Redioni waziri anasema uchumi umetengemaa;
Nélida anaitazama redio
kama mtu amtazamaye mgeni aliyekosea mlango.

Lililobaki ni Wálter.
Miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta,
anazijua droo mia mbili na sita akiwa gizani,
anajua kutu ipi inaponyeka.
Hesabu imekwisha mwambia Nélida jambo
ambalo mdomo wake haujakubali kulibeba.
Wiki nzima amekuwa akilianza:
"Wálter, sikiliza..."
kisha humtuma akalete ngazi.

Leo Wálter ameshuka na ngazi, hakungoja kutumwa.
"Nimeliona daftari," akasema. "Unasahau kulifunga.
Asubuhi nitauza hapa, mchana nitazunguka mtaani
na bomba zetu, gundi yetu, nikitengeneza.
Nipe mali, usinipe mshahara.
Ikirudi, tutagawana. Isiporudi, basi niandike deni."

Nélida hakusema asante. Angesema, angelia,
na dirishani kulikuwa na mteja.
Akaitafuta kalamu ya wino kwenye droo ya bawaba mbovu.
Ilikuwa imekauka. Akaipumulia ncha,
akakwaruza, akakwaruza, karatasi ikachanika kidogo,
ikatoka herufi ya kwanza, buluu, hafifu.

"Skrubu nne," akasema mteja.
Akaupekua mfuko wake.
"Mbili. Samahani. Mbili."